Ndoano 600, Sangara Mmoja

DADA: Karibuni tena msikilizaji. Leo nitaongea kidogo tu, maana kaka yangu hapa tangu arudi Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, hajatulia. Kaka, pole na safari.

KAKA: Ahsante dada, nimeshapoa. Ila kutulia, kweli bado.

DADA: Si ulikwenda kumsalimia mjomba?

KAKA: Nikamwomba anichukue ziwani. Mjomba ni nahodha, amevua sangara tangu mimi sijazaliwa, na sikuwahi kupanda naye mtumbwi hata siku moja. Tukatoka jioni, watu wanne, ndoano 600 za migonzo, yaani kamba ndefu za ndoano nyingi, na ndoo mbili za chambo. Chambo chenyewe ni vikambale hai. Unamshika, unampitisha ndoano chini ya ngozi ya mgongo asife, unamwachia majini, unashika mwingine. Vijana wale mikono yao ilikwenda upesi kama ya mama anayechambua mchele. Mimi mmoja alinichukua dakika nzima.

DADA: Mkalala humo humo?

KAKA: Humo humo, nanga chini. Mbalamwezi ilikuwa kali, kwa hiyo wavuvi wa dagaa hawakutoka. Dagaa anavutwa na taa, na mwezi ukiwaka taa haina kazi. Siku za giza ukiwa nchi kavu unaona taa zao kama mji uliojengwa juu ya maji. Usiku ule hakukuwa na taa hata moja. Halafu usiku wa manane upepo ukaamka. Tulikumba maji kwa zamu mpaka alfajiri.

DADA: Haya, kukapambazuka.

KAKA: Tukaanza kuvuta. Ndoano ya kwanza, kambale wetu yuleyule, anatikisa mkia. Ya pili, yuleyule. Hamsini za kwanza vijana walikuwa wanapiga soga. Zilipofika 200 hakuna aliyesema neno. Unasikia kamba inavyokwaruza ubavu wa mtumbwi, basi.

DADA: Samaki walikwenda wapi?

KAKA: Nilimuuliza mjomba. Akasema upepo ukigeuza maji, yale ya chini yanapanda juu, na maji ya chini hayana hewa. Sangara havumilii hata kidogo, anahama. Kambale yeye ni mgumu, ndiyo maana chambo kilirudi kizima.

DADA: Lakini mmoja mlimpata.

KAKA: Mmoja. Kwenye ndoano za mwisho mwisho kamba ikakaza, kijana wa mbele akasimama, sote tukasimama. Akatoka sangara anang'aa kama bati jipya. Dada, mjomba ana kafi lake lina alama mbili alizozichonga kwa kisu, moja sentimita 50, nyingine 85. Akamlaza samaki juu ya kafi. Akapungua vidole vinne kufika alama ya kwanza.

DADA: Mungu wangu.

KAKA: Kijana mmoja akasema taratibu, "Mzee, mboga tu." Mjomba hakumjibu. Akamchomoa ndoano mdomoni, akamshika ndani ya maji kwa mikono miwili mpaka mkia ukapiga, akamwachia.

DADA: Mimi ningemla, nakwambia ukweli. Mmekesha, mmelowa, watoto wanasubiri nyumbani.

KAKA: Nakuelewa kabisa. Nami moyoni niliumia. Lakini sheria ya kutovua aliye chini ya 50 ina maana yake, na alama ya pili ya mjomba nayo. Aliye chini ya 50 kwa kawaida bado hajazaa, na aliyezidi 85 ndiye mzazi mkubwa, tumbo lake lina mayai mengi mno. Ukiwamaliza hao wawili, mwanao atavua nini? Mjomba amewahi kuwaona sangara wa kubebwa na watu wawili kwa mti mabegani. Siku hizi anawasimulia tu.

DADA: Na hasara inakuwa ya nani?

KAKA: Hapo ndipo penye donda langu. Samaki wakiuzwa, kwanza inatolewa petroli na chambo, kinachobaki tajiri wa mtumbwi anachukua fungu lake, wavuvi wanagawana linalobaki. Usipopata kitu, petroli ya leo inaandikwa, itakatwa safari ijayo. Kwa hiyo kijana hakutoka kapa tu, karudi na deni.

DADA: Lakini tajiri naye kanunua injini, kanunua nyavu na kamba. Mtumbwi ukizama ni wake.

KAKA: Sikatai. Nasema ile petroli ya siku tupu wagawane. Kijana ameweka mwili wake mle, na mwili hauna bima.

DADA: Hilo nakuunga mkono.

KAKA: Tulipofika mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, kulikuwa na mama mchuuzi anatusubiri na beseni. Hakuuliza. Alitazama tu jinsi mtumbwi ulivyoelea juu, mwepesi, akaligeuza beseni lake kifudifudi, akalikalia, akaendelea kusubiri mitumbwi mingine. Nilitamani nimwambie kitu, sikupata cha kusema.

DADA: Na mjomba? Alipumzika siku ngapi?

KAKA: Siku ngapi! Alikula ugali, akalala mpaka saa tisa mchana, akaamka kukagua ndoano moja moja. Jioni ileile petroli ikaandikwa tena kwenye daftari. Mimi nilikuwa na basi la asubuhi, sikuweza kwenda. Nikambebea ndoo ya chambo mpaka maji yaliponifika magotini.