Maweni si ardhi tupu

Assalaam alaykum. Walimu wangu, wazee wangu, vijana.

Aliyekuja kusikia habari za simba na tembo nimtake radhi mapema. Unguja hatuna. Chui tulikuwa naye, tukamsaka, na baada ya mwaka 1964 tukamsaka zaidi, maana wengi waliamini ni mnyama wa kufugwa na wachawi. Leo ukitaka kumwona unaenda makumbusho, amejazwa pamba.

Ninataka tuzungumzie maweni, ile ardhi ya mawe na vichaka ya kisiwa chetu. Muulize mtu wa mjini kuna nini kati ya Unguja Ukuu na Makunduchi, atakwambia hakuna kitu, vichaka tu. Mvua huko inanyesha, lakini ardhi ni jiwe la matumbawe ya kale lenye matundu, na maji yanazama papo hapo. Udongo umejikusanya mifukoni, huku kiganja, kule kikapu. Kwa hiyo miti haipandi juu: ni mifupi, imesongamana, majani magumu. Mdaa unaota humo, ule ambao mizizi yake wasusi wa mikeka wanatilia rangi ukindu.

Humo ndimo anamoishi paa nunga, swala mdogo wa vichakani. Nje ya Unguja anajulikana pwani ya Kenya tu, kama vile Arabuko-Sokoke na misitu ya Boni na Dodori. Ana tabia moja inayonifurahisha: hufuata kima chini ya miti, akaokota majani na matunda wanayoyaangusha. Mwaka 1983 walikadiriwa kuwa kama 5,000 hapa kisiwani. Makadirio ya 1999 yalishuka hadi kama 600. Wasasi wenye mbwa na nyavu wana sehemu yao katika hilo. Lakini shoka lina sehemu pia, kwa sababu kuni, mkaa na tanuu la chokaa vyote vinakula kichaka kile kile, na paa nunga hakai mahali peupe.

Kima punju, yule kima mwekundu wa Unguja, hapatikani kwengine kokote duniani kiasili. Utafiti uliochapishwa 2017 ulikadiria wapo zaidi ya 5,800, zaidi ya mara tatu ya ilivyodhaniwa. Habari njema, ila utafiti huo huo uliona watoto wachache wanaofikia ukubwa. Na si wa msitu wa Jozani peke yake: yumo maweni, kisiwani Uzi anaingia mpaka kwenye mikoko, na yumo mashambani kwetu. Huko anakula majani ya miembe na mikungu, yenye kemikali zinazomsumbua tumbo, kisha anatafuta dawa: anaokota mkaa, kwenye visiki vilivyoungua au jikoni kwa watu, akautafuna. Wataalamu walilithibitisha hilo miaka ya tisini. Akina mama wa Pete, kijiji jirani na Jozani, hawakuwahitaji wataalamu.

Wakulima walilalamika, na malalamiko yao yalikuwa ya haki kusikilizwa, kwamba kima anamaliza vidaka, nazi changa. Watafiti wakaenda kuhesabu minazini. Mavuno hayakupungua pale kima walipokula sana. Mnazi wenyewe hupukutisha vidaka vingi. Kima anakula baadhi ya vile ambavyo vingeanguka. Lakini msimwambie hivyo mkulima wa mihogo au matunda, yeye ana hesabu nyengine. Ndiyo maana napenda utaratibu wa Jozani wa kugawa sehemu ya viingilio vya watalii kwa vijiji na wenye mashamba. Hifadhi inayomwachia jirani hasara tupu mimi siiamini. Matuta ya barabarani pale nayo yamesaidia, kima wanaogongwa wamepungua, ingawa hawajaisha.

Sheria ya misitu ya mwaka 1996 iliruhusu vijiji kuingia mapatano na serikali na kusimamia misitu yao wenyewe. Vipo vijiji vingi vyenye mapatano hayo. Tatizo ni kwamba kamati ya kijiji inalinda kichaka bila mshahara, huku mnunuzi wa kiwanja amesimama pembeni na fedha taslimu. Kisiwa cha Chumbe kimefaulu: hifadhi tangu 1994, panya waliondolewa, paa nunga wakapelekwa, na kaa wakubwa wa minazi wapo. Lakini Chumbe ni hekta ishirini na kitu na hakina kijiji. Tusikifanye kipimo cha kijiji kama Jambiani.

Ninaloliomba ni dogo. Kabla kiwanja cha maweni hakijapimwa kwa ajili ya hoteli au nyumba, ramani ioneshe wanyama wanapitia wapi kutoka Jozani kwenda kusini na kutoka Kiwengwa kwenda Pongwe, na njia hizo ziachwe bila ukuta. Uzio wa miti hai paa anaupenya. Ukuta wa matofali haupenyeki. Gharama yake ni kuchora mstari kabla ya kuuza.

Basi, maswali. Naona mkono wa mzee wangu pale nyuma, na nadhani ni wa habari za mihogo.