Ndoo ya migebuka ofisini kwa Wakili

WAKILI: Shikamoo mwalimu.

MWALIMU: Marahaba. Mbona leo umekaa mbali na kipaza sauti?

WAKILI: Nakuonea huruma. Nimetoka mahakamani na joho liko kwenye mkoba hapa.

MWALIMU: Ala! Bado linanuka? Wasikilizaji, leo tuliahidi wosia, na nimeandika mambo manne kwenye karatasi. Ila kwanza Wakili aeleze ya Jumanne, maana hapa Kigoma mtaa wa Mwanga mzima wanayo tayari.

WAKILI: Yule mama wa Ujiji mnamkumbuka. Mume alifariki, shemeji yake akateuliwa msimamizi wa mirathi Mahakama ya Mwanzo, akachukua barua yake akaondoka. Mtumbwi unaenda ziwani kila usiku, injini inafanya kazi, mjane na watoto hawaoni hata mia.

MWALIMU: Watu barua ya usimamizi wanaidhani hati ya umiliki.

WAKILI: Ndiyo hapo. Nikamwuliza, shemeji amerudisha fomu namba 5, ile ya orodha ya mali? Inatakiwa ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa. Hakuna anayejua. Namba 6, ya hesabu za mgawanyo, ndiyo kabisa. Nikamwandikia mama barua ya ukurasa mmoja, mahakama imwite shemeji atoe hesabu. Alipopata wito, ukoo ukakaa kikao kabla hata ya tarehe ya mahakama.

MWALIMU: Hayo tulishayasema. Ndoo, Wakili, ndoo.

WAKILI: Jumanne niko na mteja wa mambo ya benki, karatasi za rehani zimejaa mezani. Hodi hodi. Mama huyo, ndoo kichwani, imefunikwa kwa khanga. Migebuka, samaki wa ziwa letu! Wabichi, wametoka mwaloni Kibirizi alfajiri. Karani wangu kwa heshima zote akaichukua ndoo, akaiingiza kwenye kabati ninamotundika joho. Akafunga mlango.

MWALIMU: Akafunga! (anacheka)

WAKILI: Na jua la Kigoma unalijua. Kesho yake nina shauri Mahakama Kuu. Wa upande wa pili anasimama, "Mheshimiwa Jaji, wakili msomi mwenzangu," halafu ananyamaza, anavuta pumzi, ananigeukia.

MWALIMU: Msomi wa migebuka.

WAKILI: Ndilo jina langu sasa pale korido. Hata makarani.

MWALIMU: Mimi nimecheka, lakini ile ndoo ungeirudisha.

WAKILI: Nimrudishie mtu samaki? Ujiji? Mwalimu, huko ni kumtukana mbele ya majirani.

MWALIMU: Wewe una ofisi, unatoza wengine. Mimi ni msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeniruhusu niwasaidie watu, lakini imenikataza kutoza. Na Jumamosi tunakaa benchi moja la msaada wa bure. Kesho mtu akisikia Wakili alipelekewa ndoo, kwangu atakuja na nini?

WAKILI: Sikutoza. Sikuomba. Shauri lilikuwa limekwisha.

MWALIMU: Anayefuata hajui kama lilikuwa limekwisha. Anajua tu aliyepeleka samaki alifanikiwa. Yule asiye na kitu ataona aibu, atabaki nyumbani na shida yake. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa, hakuna kuvua, tangu Mei 15 hadi Agosti 15. Miezi hiyo mama angeleta nini?

WAKILI: Asingeleta, na ningemsaidia vilevile. Mwalimu, huyu mama mara ya kwanza aliongea nami anatazama chini. Jumanne aliingia ofisini anatembea kama mwenye nyumba. Ananiambia, "Binti yangu, hawa wachome leo leo." Nimwambie chukua vitu vyako?

MWALIMU: Umwambie, "Mama, ahsante, wapelekee watoto." Basi.

WAKILI: Wewe ulifundisha miaka yote ile, hukuwahi kuletewa kuku na mzazi?

MWALIMU: Nililetewa.

WAKILI: Ukamrudisha?

MWALIMU: Kuku ni habari nyingine.

WAKILI: Habari nyingine vipi!

MWALIMU: Kuku aliletwa na mtoto ameshafaulu, matokeo yametoka.

WAKILI: Na barua yangu matokeo yake si yalikuwa yametoka?

MWALIMU: Shemeji hajagawa bado. Faili liko wazi. Unaweza kumwandikia barua nyingine mwezi ujao, na ndoo yake umeshaila.

WAKILI: Mimi sikubali.

MWALIMU: Wala mimi. Na uliwapikaje? Usiniambie uliwakaanga.

WAKILI: Niliwakaanga.

MWALIMU: Mgebuka mbichi wa alfajiri! Huyo unambanika kwanza, halafu unamwunga kwa mawese, na ugali wa muhogo pembeni. Mama alikwambia uchome, hata ushauri wa mteja hufuati.

WAKILI: Nilikuwa na majumuisho ya kesi ya kuandika usiku, nibanike saa ngapi? Na nusu nilimpa karani.

MWALIMU: Karani aliyefunga kabati ndiye aliyepewa nusu?

WAKILI: Hakujua! Na joho nimelifua kwa ndimu, nimelianika siku nzima. Fundi ananiambia jipya ni pesa nyingi.

MWALIMU: Unaona? Msaada wa bure umekugharimu joho. Jumamosi uje na kopo la lambalamba, uweke kifuniko, uandike "hatupokei samaki".

WAKILI: Nitaandika "samaki wapelekwe kwa Mwalimu". Watu wa studio wanaonyesha dakika mbili.

MWALIMU: Wosia je? Mambo manne?

WAKILI: Sema moja.

MWALIMU: Haya, upesi. Wosia wa maandishi kwa sheria ya kimila, ile ya mwaka 1963: anayejua kusoma na kuandika, mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje. Asiyejua, wasiopungua wanne, wawili kwa wawili. Kwa Waislamu, usivuke theluthi moja ya mali, na...

WAKILI: Na mrithi hausiwi, yaani mwenye fungu lake la urithi haachiwi tena kwa wosia.

MWALIMU: Hiyo ilikuwa ya kwangu, namba tatu!

WAKILI: Muda, Mwalimu. Jumamosi tuko Katubuka, saa tatu asubuhi. Mje na barua za mahakama, vyeti vya vifo, mihtasari ya vikao vya ukoo.

MWALIMU: Na mikono mitupu.

WAKILI: Hilo amelisema yeye.