Bahasha ya Chuo Ianze Kidato cha Tano

(Mhadhara kwa wanafunzi wa kidato cha tano na wazazi wao, siku ya wazazi, mwezi Septemba)

Mkuu wa Shule, walimu, wazazi wenzangu, shikamooni wakubwa zangu. Wanangu wa kidato cha tano, hamjambo?

Mimi si mwalimu, wala si mtumishi wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Nina duka la steshenari karibu na stendi. Kila mwaka, dirisha la mikopo likifunguliwa, vijana waliomaliza kidato cha sita wanajaa pale dukani tangu asubuhi. Natoa kopi, naskani vyeti, nawasaidia kujaza maombi mtandaoni. Ninayowaambia leo nimeyaona pale mezani, karatasi moja baada ya nyingine.

Kuhusu kusoma, walimu wenu wapo na wanalijua kuliko mimi. Mnajua kwamba mlango wa digrii kwa wengi wenu ni prinsipo mbili, yaani masomo mawili makuu uliyofaulu kidato cha sita, zenye jumla ya pointi 4 au zaidi, na kwamba kila kozi ina masharti yake kwenye mwongozo wa udahili ambao TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, huutoa kila mwaka. Usomeni huo mwongozo mapema. Asije mtu wa PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia, akagundua mwezi wa saba kwamba kozi anayoipenda inataka hesabu.

Mimi nimekuja kwa jambo jingine. Kijana anaweza kufaulu vizuri kabisa, akapata chuo, akakosa mkopo kwa sababu ya karatasi. Na karatasi hizo zinatafutwa sasa hivi, mkiwa kidato cha tano.

Kwa nini sasa? Hebu tuhesabu miezi. Mtihani wa kidato cha sita mnaufanya mwezi wa tano. Ukimaliza tu, wengi wenu mnaitwa JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kwa mujibu wa sheria, mnaingia kambini mwezi wa sita. Matokeo yanatoka mnamo mwezi wa saba. Maombi ya vyuo na maombi ya mkopo nayo yanaangukia humo humo. Wewe uko kambini, mikoa mitatu kutoka nyumbani, simu huna mkononi, na cheti cha kuzaliwa kiko kwenye sanduku la bibi. Nani atakutafutia?

Niwape habari ya kijana mmoja, jina lake nalihifadhi. Alikuja dukani akitokea kambini moja kwa moja, kichwa kimenyolewa, mkononi ana mfuko wa nailoni. Akaumimina mezani: cheti cha kidato cha nne, picha mbili za pasipoti, na karatasi iliyokunjwa mara nne mpaka mikunjo imetoboka. Nikaikunjua. Ilikuwa kibali cha mazishi ya baba yake. Akaniambia, "Mama, hiki ndicho cheti cha kifo."

Siyo. Kibali kinakusaidia kuzika, na kinakusaidia kwenda kuomba cheti. Cheti cha kifo chenyewe kinatolewa na RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, na Bodi inataka kiwe kimehakikiwa. Baba alikuwa amefariki miaka kumi na moja nyuma, wilaya nyingine, na hakuna aliyewahi kwenda kusajili. Ilibidi mtoto apande basi, aende kwa mtendaji wa kijiji alikozikwa baba, apate barua, aende wilayani, asubiri. Alivyorudi na cheti, dirisha lilikuwa limefungwa. Yatima kabisa, mtu wa kwanza ambaye mkopo ule umewekwa kwa ajili yake, na hakupata mwaka ule. Aliahirisha masomo, akaomba tena mwaka uliofuata, akapata. Lakini mwaka mzima ulimpita akibeba tofali, na mimi kila nikimwona barabarani roho inaniuma, kwa sababu ile safari ya wilayani ingefanyika likizo ya kidato cha tano bila haraka yoyote.

Wazazi, kuna karatasi ya pili inayowadanganya wengi. Mtoto akizaliwa hospitali unapewa tangazo la kizazi. Watu wameliweka miaka kumi na saba wakidhani ni cheti cha kuzaliwa. Tangazo si cheti. Leo jioni ukifika nyumbani, lifungue lile sanduku uangalie una kipi. Kama ni tangazo, nenda nalo ofisi ya wilaya uanze maombi. Ukishapata cheti, kinahakikiwa RITA kwa mtandao, na kwa waliozaliwa Zanzibar kuna wakala wa usajili wa matukio ya kijamii wa huko. Uhakiki nao ukiachwa hadi mwezi wa saba, unakutana na foleni ya nchi nzima.

Halafu majina. Hapa naomba mnisikilize sana wanangu. Cheti cha kuzaliwa kinasema Salum, cha kidato cha nne kinasema Salumu. Cha kuzaliwa kina majina mawili, cha shule kina matatu. Mwingine alibatizwa baadaye akaanza kutumia jina la ubatizo shuleni. Kwako wewe ni mtu yule yule, lakini mfumo unasoma herufi tu. Maombi ya mkopo yanaanza na namba yako ya mtihani wa kidato cha nne, na jina linalotokea ni lile la Baraza la Mitihani. Likipishana na cheti cha kuzaliwa utahitaji hati ya kiapo kwa wakili au mahakamani, na kama ni herufi ya kurekebisha kwenye cheti cha RITA, hiyo nayo ina siku zake. Aliyerudia mtihani asifiche namba ya kwanza, ziandikwe zote.

Yaliyobaki nayapita upesi. Mwenye ulemavu, au mwenye mzazi mlemavu, fomu yake inasainiwa na daktari wa serikali. Kaya iliyo TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, namba yake iandikwe mahali pasipopotea. Aliyesomeshwa na kanisa, msikiti au shirika, aombe barua ya mfadhili mapema, maana wafadhili nao wanahama. Mdhamini awe mtu mwenye kitambulisho na anayepokea simu. Nimeona fomu ikikaa wiki mbili inamsubiri mjomba ambaye kumbe yuko machimboni.

Sasa pesa zenyewe. Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya 2004, ikaanza kazi 2005, na imewasomesha watoto wa maskini wengi sana. Lakini si kila anayeomba anapata, na si kila anayepata anapata yote. Wapo wanaopewa chakula na malazi, ada wakapewa sehemu tu. Fedha ya chakula na malazi ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Ukisikia hivyo unaona mtoto kashiba. Tatizo ni kwamba bumu, yaani hiyo fedha ya kujikimu, haliingii siku unayoshuka kwenye basi. Kuna usajili, kuna kusaini, kuna akaunti ya benki. Siku hizo, ambazo zinaweza kufika wiki kadhaa, mtoto anakula nini? Godoro nani ananunua? Nimepigiwa simu na binti mmoja niliyemjazia fomu, yuko Dodoma, ana mkopo asilimia mia, na siku mbili anakunywa uji tu.

Wazazi wenzangu, tangu mwaka wa masomo 2022/2023 ada ya kidato cha tano na sita katika shule za serikali ilifutwa. Ile fedha tuliyokuwa tunaihangaikia isipotelee kwenye harusi na sare za vitenge. Kuanzia mwezi huu hadi Oktoba ya mwaka wa kuingia chuo ni miezi 25. Shilingi 500 kwa siku, bei ya kikombe cha chai na andazi, ni 15,000 kwa mwezi. Kwa miezi 25 inafika 375,000. Hapo pana nauli, godoro, na chakula cha kusubiria bumu. Weka kwenye kibubu, weka kwenye kikoba, lakini kikundi kijue kabisa kwamba fungu hili linavunjwa Septemba ya mwaka ule na si baada ya hapo.

Nanyi wanangu, mkopo ni deni. Ukiajiriwa, mwajiri anakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Mshahara wa laki nane, laki moja na ishirini inakwenda Bodi kila mwezi. Ile asilimia 6 ya kulinda thamani iliyokuwa inavimbisha madeni ya kaka na dada zenu ilifutwa 2021, na mimi niliishukuru Serikali kwa hilo. Basi chukueni mkopo bila hofu, lakini bumu la kwanza lisiwe la simu mpya.

Wanaosoma sayansi, kuna Samia Skolashipu tangu 2022/2023 kwa waliofaulu juu kabisa kidato cha sita. Hiyo hairudishwi. Lakini hata yenyewe inaombwa, na inaombwa kwa vyeti.

Mkuu wa Shule ameniongezea nusu saa. Nimekuja na bahasha za kaki, moja kwa kila mwanafunzi, na kalamu ya wino mzito. Wazazi mliokuja na vyeti kama tulivyotangaziwa, pangeni foleni hapa kushoto. Tutaweka cha kuzaliwa na cha kidato cha nne pamoja tusome herufi kwa herufi. Ambao hamna kitu mkononi, pangeni kulia, niwaandikie kila mmoja aanzie ofisi gani Jumatatu. Waliofiwa na mzazi na hawajapata cheti, njooni mbele kwanza.