Tanga Likishaanuliwa

Assalaam alaykum, na kwenu nyote habari za jioni. Wazee wangu, shikamooni.

Nimeombwa nizungumze juu ya mawazo na afya ya mwili. Jambo lenyewe ni pana, nikilitandika lote tutakesha hapa. Nitashika kipande kimoja tu: kufiwa. Hakuna humu ndani ambaye hajakaa jamvini. Na katika miaka yangu yote ya kliniki ya presha na kisukari, hakuna kilichonisumbua kama hiki: mgonjwa niliyemzoea, presha yake imetulia miaka na miaka, anafiwa, na baada ya miezi miwili mitatu anarudi hali yake imeharibika kabisa.

Nianze na mzee mmoja, fundi cherehani, umri umepita sabini. Alifiwa na mkewe. Alipokuja kliniki nilimpima nikakuta 190 kwa 110. Nikamwacha akae robo saa, nikampima mkono wa pili: 188. Nikamwuliza, "Baba, dawa unakunywa?" Akasema anakunywa. Nikamwomba anionyeshe. Akatoa mfukoni ile bahasha ndogo ya dawa, imekunjwa mara nne, imeandikwa 1x1. Nikamimina vidonge mezani, tukavihesabu pamoja. Alipewa 30, mwezi umekwisha, vimebaki 26. Akavitazama kwa muda. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi dawa nilikuwa naletewa."

Kumbe miaka yote ile mkewe ndiye aliyekuwa akimwekea kidonge kwenye kisahani cha chai kila asubuhi. Mzee hakuwahi hata kujua jina la dawa yake. Chumvi ya mchuzi aliipima mama, tarehe ya kliniki aliikumbuka mama. Kwenye daftari langu nilikuwa nimeandika mgonjwa mmoja, kumbe dawa ile ilikuwa ikinyweka kwa nguvu za watu wawili, na mmoja wao tumeshamzika. Sikuwahi kumwuliza nani anampa dawa. Hilo ni kosa langu, na limeniuma.

Mwaka 1969 daktari wa Uingereza, Colin Murray Parkes, pamoja na wenzake walichapisha hesabu ya wagane 4,486 wenye miaka 55 na zaidi, ambao wake zao walifariki mwaka 1957. Mgane ni mwanamume aliyefiwa na mkewe. Neno mjane tunalijua sote, hili tumelisahau, na labda ndiyo maana na watu wenyewe tunawasahau. Katika miezi sita ya kwanza walikufa 213, asilimia 40 zaidi ya ilivyotarajiwa kwa wanaume wa umri wao wenye wake. Ongezeko kubwa lilikuwa la vifo vya moyo. Baada ya hapo tofauti ikapungua polepole.

Mwilini kunatokea nini? Mtu akishtuka, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini: moyo unakwenda mbio, mishipa inabana, sukari inapanda katika damu. Ukifukuzwa na mbwa hiyo ni neema, na ukishasalimika mwili unatulia. Mfiwa hana pa kukimbilia. Mshtuko haumwishi, kila akiamka anakuta upande wa pili wa kitanda mtupu. Homoni nyingine, kortisoli, ikikaa juu wiki baada ya wiki, usingizi unakatika na kinga ya mwili inalegea. Mwaka 1995 watafiti wa Ohio, Marekani, waliwatoboa wanawake kidonda kidogo mkononi, kipana milimita 3.5. Wanawake 13 walikuwa wanauguza ndugu zao waliopoteza kumbukumbu, wengine 13 wa rika lao hawakuwa na mzigo huo. Kidonda kile kile, lakini wauguzaji walichelewa kupona kwa siku tisa hivi. Waliochoka kwa kuuguza mnawajua, wengine mmekaa nao benchi moja sasa hivi.

Watu wa pwani, hili la pweza mtalielewa upesi. Wavuvi wa Japani huwatega pweza kwa chungu chenye shingo nyembamba na tumbo pana, wanakiita takotsubo. Mwaka 1990 madaktari wa huko waliupa ugonjwa mmoja wa moyo jina hilo. Mtu anapata msiba au mshtuko mkubwa, kifua kinabana, anahema, unasema huyu ana shambulio la moyo. Wakipiga picha wanakuta mishipa ya moyo haijaziba, ila chumba cha chini cha kushoto kimetanuka kama chungu kile. Huwapata zaidi wanawake waliokwisha koma hedhi. Wengi hupona baada ya wiki kadhaa, lakini wapo wanaokufa. Kwa hiyo kifua cha mfiwa kikibana, tafuta gari kwanza. Asiambiwe ni mawazo tu.

Wala tusiyatwishe mawazo kila kitu. Vidonda vya tumbo tuliviita ugonjwa wa mawazo mpaka Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipoonyesha kwamba vingi vinaletwa na bakteria, na mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel. Tumbo likiuma, kapime.

Sasa turudi jamvini. Siku za matanga mfiwa haachwi peke yake. Majirani wanapika, watu wanalala barazani, mtu anamlazimisha anywe hata uji. Tanga linaanuliwa, turubai linashushwa, viti vya kukodi vinarudi. Inasomwa hitma ya arobaini, sahani zinaoshwa, kila mtu anashika njia. Siku ya 41, nani anabisha hodi? Miezi sita ile ya Parkes bado haijafika hata robo! Naomba zamu za kumtembelea zipangwe siku ile ile ya hitma, watu wakiwa bado wapo, na ziendelee hadi mwezi wa sita. Ukienda usimwambie ajikaze. Mwulize jana alikula nini. Mwulize kama alilala. Kisha mwambie akuonyeshe dawa, mzihesabu.

Yule mzee, jirani yake muuza maandazi alikubali kumpelekea chai kila asubuhi, na kidonge kwenye kisahani. Baada ya wiki sita nikampima: 148 kwa 92. Bado iko juu kidogo, na usingizi anasema haujarudi. Bahasha ilikuwa tupu.