Chupa Zinaisha: Maneno Niliyosema Kisumu Kuhusu Taharuki na Twisti

Haya, huko nyuma mnanisikia? Sawa. Nyinyi mko mlangoni ingieni tu, huku mbele kuna viti. Jaduong', mzee wetu, asante sana kwa kufika, najua mvua ya hapa Kisumu ikishaanza jioni mtu hutaka kubaki kwake.

Nimeitwa niamue kesi. Wiki mbili zilizopita hawa vijana walibishana kwa ukumbi huu huu mpaka mlinzi akaja kufunga, upande mmoja unasema taharuki ni Alfred Hitchcock, yule dairekta Mwingereza, na wengine wote ni wanafunzi wake, upande ule mwingine unasema huyo ni wa zamani muvi zake zinakokota, anayejua kazi ni dairekta M. Night Shyamalan kwa sababu twisti yake ya mwisho, yaani ile siri inayogeuza hadithi yote, inakuacha mdomo wazi, na nasikia kuna wawili hawajasalimiana tangu siku hiyo. Basi wacha niseme msimamo wangu sasa hivi ndio msikilize mkiujua. Twisti naipenda. Lakini muvi ambayo nguvu yake yote iko kwa kuficha, siku siri ikitoka imekwisha, na muvi ya maana inakushika zaidi ukishajua.

Tuanze na kitu chetu. Nani hapa hajui Luanda Magere, yule shujaa wetu Waluo wa hadithi, alikufaje? Inua mkono. Mnaona? Hakuna. Hata huyu mdogo amekalia mamake anajua. Sisi dani wetu, yaani nyanya, alikuwa anatuambia hiyo sigana, hiyo hadithi, usiku, na hakuna mtoto kwa ile nyumba alikuwa hajui mwisho. Mwili ni jiwe, mkuki ukimgonga unateleza. Lang'o, wale maadui, wamechoka kupigwa, wanamtoa msichana mrembo aolewe na Magere apeleleze siri yake. Halafu Magere anagonjeka, yule mke anaambiwa amchanje ampake dawa, anapitisha wembe kwa ngozi, wembe unakataa. Hapo dani alikuwa ananyamaza. Anageuza kuni. Anapuliza moto polepole kama mtu hana haraka na dunia. Na sisi tumeshikana mikono tunasema kwa roho usimwambie, usimwambie, na tunajua atamwambia, alimwambia jana, alimwambia wiki jana, atamwambia tu "chanja kivuli." Na kivuli kinatoka damu.

Sasa niambieni, kama kujua mwisho kunaharibu hadithi, sisi tulikuwa tunaogopa nini?

Hiyo ndiyo taharuki. Shuleni tuliambiwa taharuki ni ile hamu ya kutaka kujua nini kitafuata, na mimi nilipita mtihani na hilo jibu, lakini leo naona halijatosha. Kuna taharuki kubwa kuliko hiyo, ya kujua kitakachofuata na huwezi kufanya kitu.

Hitchcock alielewa hivi kuliko mtu yeyote aliyeshika kamera. Alizaliwa London 1899, akaanza kazi enzi za muvi bubu, 1939 akahamia Marekani, akafariki 1980. Mwaka wa 1962 dairekta kijana wa Ufaransa, François Truffaut, alikaa naye siku kadhaa wakiongea kazi tu, maongezi yakatoka kitabu 1966, na huko ndiko kuna ule mfano wa bomu mnaoupenda kutaja. Watu wamekaa mezani wanapiga stori za kawaida, ghafla bomu linalipuka, watazamaji wameshtuka sekunde 15, basi. Lakini waonyeshe kwanza bomu likiwekwa chini ya meza, waonyeshe na saa ukutani, zile stori za kawaida zinakuwa dakika 15 za mateso, unataka kuwapigia kelele watoke. Stori ni zile zile, hata neno halijabadilika. Kilichobadilika ni kile wewe unajua.

Na hakuwa malaika, alikosea pia. 1936 alitoa Sabotage, kuna kijana mdogo anabebeshwa bomu bila kujua, anapanda nalo basi London, anacheleweshwa njiani, sisi tunajua litalipuka saa saba na dakika 45, na likalipuka kweli, kijana akafa. Watu walikasirika na baadaye Hitchcock mwenyewe akakubali alikosea pale. Ukimfanya mtu aogope hivyo kwa niaba ya mtoto, una deni naye.

Lakini bomu ni rahisi, kila mtu anaogopa bomu. Mimi nataka niwaonyeshe chupa.

Notorious, 1946. Ingrid Bergman ni Alicia, ameolewa Rio de Janeiro na mwanamume wa kundi la Wanazi, kumbe anawapelekea Wamarekani habari. Bwanake ana stoo ya mvinyo chini ya nyumba, iko na kufuli, na kuna kitu kimefichwa huko. Alicia anaiba funguo. Usiku huo kuna sherehe kubwa nyumbani, na hapa kamera inaanza juu kabisa, unaona ukumbi mzima, wageni, taa, magauni, halafu inashuka. Inashuka taratibu, inapita vichwa vya watu, inamkuta Alicia amesimama na bwanake wanapokea wageni, inashuka mpaka kwa ngumi yake imekunjwa, na ndani ya ngumi unaona ile funguo. Sherehe yote ile kubwa iko ndani ya kiganja kimoja.

Anampitishia Cary Grant, jasusi mwenzake, funguo, sawa. Lakini kuna shida moja, shampeini. Chupa ziko kwa barafu, na wageni wanakunywa. Chupa zikiisha, bwana ataenda stoo kuchukua zingine, na akifika stoo atataka funguo. Kwa hivyo Hitchcock anachofanya ni kukuonyesha chupa. Anarudi tena, zimepungua. Anarudi tena. Hakuna bunduki, hakuna mtu anakimbia. Mmeshakuwa kwa harusi kreti za soda zinaenda zikiisha na gari lingine la wageni ndio linaingia kwa geti? Mama anayesimamia chakula anaangalia kreti, anaangalia geti, anatabasamu kwa wageni na jasho linamtoka. Wewe ukiwa umekaa karibu naye na umeona zile kreti, hiyo harusi si ile wengine wanaiona.

Ndiyo, ndugu yangu wa shati ya buluu, sema. Sema kwa nguvu wasikie.

Anasema nimewaharibia, kwa sababu hiyo ndiyo muvi tunaangalia leo. Ni kweli ndiyo hiyo. Nimefanya makusudi na nitakueleza kwa nini, na nakuomba usitoke.

Nilikuwa form two, 2003. Wakubwa hapa mnakumbuka kabla DVD hazijaenea muvi ilikuwa inakuja kwa CD mbili, ya kwanza na ya pili. Nikakodisha The Sixth Sense ya Shyamalan kwa duka moja, kila mtu alikuwa ameniambia iangalie na usiulize kitu. Nikaangalia CD ya kwanza nimejifunika blanketi mpaka machoni. Imeisha, naweka ya pili, ni muvi ya Kichina ya kupigana. Nikarudi dukani kesho yake, CD ya pili haiko, haijulikani nani alibaki nayo. Na kabla nifike nyumbani, pale stage, mwanafunzi mwenzangu akanitolea siri yote kwa sentensi moja. Nilikasirika mpaka machozi yakanilenga, nikaona nimeibiwa kitu hakitarudi.

Miezi ikapita, nikaenda likizo Nakuru kwa binamu yangu, nikaipata nzima. Nikaangalia nikijua. Mwenye hajaiona anisamehe, imetoka 1999, lazima nitaje. Bruce Willis ni Malcolm, mtaalamu wa saikolojia ya watoto, mwanzoni kabisa anapigwa risasi nyumbani kwake, na siri ni kwamba alikufa siku ile, yeye mwenyewe hajui. Sasa kuna sini ya hoteli. Ni siku ya kukumbuka ndoa yao, mkewe amekaa mezani peke yake, Malcolm anaingia amechelewa, anakaa, anaomba msamaha, anaeleza na kueleza. Mke hamwangalii. Bili inaletwa, Malcolm ananyosha mkono, mke anaichukua kwanza. Anasema ile salamu ya siku ya ndoa kwa sauti ya chini, anaondoka. Mtu asiyejua anaona mke amenuna, na amestahili kununa, bwana kazi imemzidi. Mimi niliyejua niliona mjane amejitoa mwenyewe kwa chakula cha jioni, anaongea na kiti. Na huyu bwana amekaa pale anajitetea. Nililia, binamu yangu akauliza kuna nini, nikashindwa kueleza.

Ile twisti ilikuwa imegeuka taharuki. Nilikuwa nimekuwa kama wale watoto wa dani, najua, nasubiri tu Malcolm naye ajue. Ndio maana nawaambia nyinyi wa Shyamalan msione mimi ni adui, huyo mtu alitengeneza muvi mbili kwa moja, ya kwanza unaangalia mara ya kwanza, ya pili unaangalia milele.

Lakini The Village, 2004, sikubali. Nimeirudia mara tatu nikitafuta ile sini ya hoteli, sikuipata. Ukishajua wazee wa kile kijiji wameficha nini, ile hofu yote ya msituni inapungua, na huruma haiji kujaza nafasi. Sehemu ya lawama ni yetu pia, baada ya 1999 watu walikuwa wanaingia kwa muvi yake kama askari wa upelelezi, hawaangalii mtu, wanatafuta siri, na dairekta akizoeshwa hivyo inakuwa mzigo. Nampa heshima kwa The Visit ya 2015, alikopa akiweka nyumba yake rehani akatengeneza muvi kwa takriban dola milioni 5 tu, na akarudi kwa miguu yake.

Mtu atasema na Psycho je? Swali zuri. 1960, Hitchcock huyu huyu anachukua staa wake, Janet Leigh, anamuua karibu dakika ya 47, na aliagiza majumba ya sinema yasiruhusu mtu kuingia muvi ikishaanza. Huo ni mshtuko, nakubali kabisa. Lakini angalieni kinachofuata. Norman, yule kijana wa moteli, anasukuma gari la marehemu kwa kinamasi, linazama, linazama, halafu linasimama. Paa bado linaonekana. Na wewe, uliyemlilia yule dada dakika chache tu zilizopita, unajikuta unasema zama basi. Hapo hakuna kilichofichwa, unajua ndani ya gari kuna nini.

Vertigo, 1958, ndiyo inanimalizia kesi. Kitabu kilichotolewa muvi, cha Wafaransa wawili, Boileau na Narcejac, kinaweka siri mpaka mwisho kabisa. Hitchcock akaitoa ikiwa imebaki karibu theluthi ya muvi, mwanamke anaandika barua na sisi tunajua yote, mwanamume hajui. Alikuwa na twisti mkononi, ya bure, imeshaandikwa, akaamua kuitoa mapema. Mimi sijui ujasiri mkubwa kuliko huo.

Na hapa kwetu, Mbithi Masya alifanya jambo kama hilo 2016 kwa Kati Kati. Dada anaitwa Kaleche anaamka porini na gauni la hospitali, hakumbuki kitu, anafika mahali kama loji, na mapema tu anaambiwa umekufa. Dairekta mwingine angeificha hiyo mpaka dakika ya mwisho. Masya aliitoa mwanzoni ndio nafasi ibaki ya swali gumu, sasa umekufa, utajisamehe nini? Muvi hiyo ikashinda tuzo ya wakosoaji Toronto mwaka huo.

Nyinyi mnaoshuti muvi na simu kule ufuoni Dunga, nimeona kazi zenu tatu, zote mwisho ni ndoto au mtu alikuwa amekufa. Jaribuni moja mniambie mapema. Nionyeshe boti linavuja kabla mvuvi hajalisukuma majini, halafu mwache apige stori na mtoto wake taratibu.

Ndugu yangu wa shati ya buluu bado uko? Vizuri, kaa hapo katikati. Mama, huyo mdogo akilala kuna blanketi kwa kiti cha mwisho. Funguo nimeshawaambia iko mkononi mwa nani. Zimeni taa, na muanze kuhesabu chupa.