GDB inasema UTC, programu inasema Dar: mchawi ni .zshenv

Mambo vipi wadau, karibuni. Nipo Sinza na leo nawaonyesha kitu kilichonikosesha usingizi.

Nina programu ndogo ya C inayotoa risiti za jamaa mmoja anayekaanga chipsi mpaka usiku wa manane. Seva inafuata UTC (saa ya kimataifa), sisi huku tuko saa 3 mbele, kwa hiyo chipsi zilizouzwa saa saba na nusu usiku zinaandikwa tarehe ya jana. Nikaifungua kwenye GDB (zana ya kusimamisha programu na kuikagua hatua kwa hatua) nimsake mdudu. Tarehe safi kabisa! Nikakuna kichwa.

Tazama skrini. Ili niige seva, naandika `set environment TZ UTC` (TZ ndiyo inayoiambia programu ifuate saa za wapi), halafu `break main`, halafu `run`. Imesimama. Sasa `show environment TZ`. Inajibu `TZ = UTC`. Ukiishia hapo umeliwa, maana hiyo ni orodha ya GDB tu. Iulize programu yenyewe, kwa `getenv` inayosoma thamani iliyoipata:

`print (char *) getenv("TZ")`

Umeona? `Africa/Dar_es_Salaam`.

Iko hivi: GDB haiwashi programu yako moja kwa moja, inaipitisha kwanza kwenye sheli (programu inayopokea amri unazochapa) iliyotajwa na `$SHELL`. (Si sheli ya kujazia mafuta, jamani.) Yangu ni zsh, na zsh husoma `.zshenv` kila inapoamka, hata kama hakuna mtu anayechapa. Humo ndani nilishaweka `export TZ=Africa/Dar_es_Salaam`, nikasahau. Nilichopanga kwenye GDB kikafutwa njiani.

Dawa ya haraka: `set startup-with-shell off`, kisha `run` upya. Ila ukizima sheli, `run < mauzo.txt` haitafanya kazi, kwa sababu alama ya `<` husomwa na sheli. Ukiihitaji, iwashe tena na uandike `set exec-wrapper env TZ=UTC`. Hiyo inaingia baada ya sheli kumaliza mambo yake.

Mimi mstari ule wa `export` nimeuhamishia `.zprofile`, inayosomwa wakati wa kuingia tu.

Wa bash, msiilaumu `.bashrc`, hapa haisomwi. Andikeni `echo $BASH_ENV`. Likitokea jina la faili, fungueni hilo. Wa csh, angalieni `.cshrc`.

Haya, narudia `run`. `getenv` inatoa `"UTC"`. `next`, `next`... tarehe ya jana hiyo hapo, kwenye mstari wa `localtime`, unaogeuza saa kuwa tarehe kwa kufuata TZ. Sasa ndiyo naanza kurekebisha.