Maji Yakipwa, Mashua Haiendi: Majeraha ya Wakata Mikoko

(Mhadhara uliotolewa Matondoni, kisiwani Lamu, baada ya sala ya alasiri, mbele ya vijana wanaojiandaa kuingia kambi za mikoko.)

Assalaam alaykum. Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu mlioketi ukumbini, nawaamkia. Na nyinyi vijana mlio hapa mbele, karibuni.

Nimeitwa niseme juu ya majeraha ya mkata miti. Nimekata boriti miaka 22, kuanzia mkondo wa Mkanda mpaka huko kaskazini Dodori, na mguu huu wa kushoto mnaoniona nikiuvuta ni kazi ya shoka langu mwenyewe. Kwa hiyo nitakayosema mengi nimeyaona kwa macho, na mengine yako mwilini mwangu.

Nitaanza na maji. Mkata mikoko hapangi saa zake, maji ndiyo yanayompangia. Tunaingia yakiwa juu ili chombo kifike ndani, tunakata yakiwa yamepwa, tunapakia yakirudi. Kila mmoja hapa anajua hivyo. Lakini wangapi tumekaa tukafikiri kwamba saa ile tunayoshika shoka ndiyo saa ile ile chombo chetu kimekaa juu ya tope?

Mimi sikufikiri, mpaka siku yangu ilipofika. Lilikuwa bamvua la mwezi mpevu, siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana. Siku kama hizo huku kwetu maji hupwa kabisa kama saa nne ya asubuhi. Tuliingia alfajiri, watu wanne, mashua ikaelea hadi ndani ya mkono mwembamba kabisa wa maji, tukafurahi kwamba leo hatutabeba mbali. Kufikia saa mbili mashua ilikuwa imelala ubavu. Saa tatu u nusu nilikuwa nimesimama juu ya mizizi ya mkoko, ile inayoteremka kama miguu ya kaa, na utelezi wake mnaujua. Nilibakiza mazio tatu, miti ya unene wa kati, nitimize korja ya pili. Korja ni miti 20, na tajiri, yule mwenye leseni, hulipa kwa korja, hana malipo ya uangalifu. Nikaongeza kasi. Shoka likateleza juu ya gome lililolowa, likashuka, likaingia kwenye muundi wa mguu hadi mfupani.

Mashua haikuelea tena mpaka saa saba u nusu. Hesabuni wenyewe.

Katika muda huo wenzangu walifanya walichokijua. Mmoja alitaka kunimwagia petroli ya mashine, mwingine alikuwa na kahawa ya unga kwenye karatasi. Aliyeniokoa alikuwa mzee mmoja wa Siyu, mtu wa maneno machache. Alivua kikoi chake, akakisokomeza ndani ya kidonda, akapiga goti juu yake kwa uzito wake wote na akakataa kunyanyuka. Nilipiga kelele, nikamtukana. Hakuondoka. Kila mwenzetu mmoja aliposema "hebu tutazame kama imekatika", alimwambia anyamaze. Baadaye daktari aliniambia kwamba kule kutofunua ndiko kulikoniachia damu ya kunifikisha hospitali. Damu ikianza kuganda, ukiinua kitambaa umeing'oa.

Hilo ndilo ninalotaka mwende nalo nyumbani leo, na nitawaonyesha kwa mikono kabla hatujaondoka. Kitambaa safi kadiri ulivyo nacho, kiingie ndani ya kidonda, kisha uzito wa mwili. Kikilowa, ongeza kingine juu yake, usitoe cha kwanza. Ikiwa damu inaruka kwa mapigo na kukandamiza hakuisimamishi, hapo ndipo unafunga kitambaa kipana juu ya kidonda, kati ya kidonda na moyo, unakisokota kwa kijiti mpaka damu isimame, na unakumbuka ilikuwa saa ngapi. Kifundo hicho kikikaa zaidi ya saa mbili mguu wenyewe unaanza kuwa hatarini, ndiyo maana hatukimbilii kufunga kamba kwa kila mkato. Lakini ikiwa ni kuchagua kati ya mguu na roho, funga. Na ukishafunga usilegeze mwenyewe huko tope-topeni. Mwachie mganga wa hospitali.

Sasa, chombo. Baada ya siku ile kambi yetu ilibadilisha jambo moja tu, nami naliona kubwa kuliko yote niliyowahi kujifunza. Mashua huingia ndani kama kawaida, lakini hori dogo moja, yaani mtumbwi, hubaki nje, kwenye mkondo wenye kina, linaloelea hata maji yakipwa ya bamvua. Mtu akiumia, anabebwa kwa machela ya fito mbili na kikoi mpaka kwenye hori. Kutembea topeni na mgonjwa ni adhabu, lakini ni nusu saa ya adhabu badala ya saa nne za kungoja. Mtaniambia hori ni gharama. Ni kweli. Basi kambi mbili au tatu zichangie moja.

Kuna watu mjini hudhani tunalalamika bure, kwamba kukata mti ni kazi ya nguvu tu. Marekani, ambako wana mashine, kofia ngumu na sheria za kila namna, hesabu za serikali yao za mwaka 2022 zilionyesha wakata miti wakifa kwa kiasi cha watu 100 katika kila wafanyakazi 100,000, ilhali wastani wa kazi zote haukufika 4. Sisi tunaoingia na kaptura na shoka, zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya ikiwa kwetu Lamu, tusione haya kusema kwamba kazi hii inaua.

Na inaua hasa kwa mti uliokwama. Mikoko imeshikana matawi. Unakata shina, mti hauanguki, unamwegemea mwenziwe. Hapo kijana huona uvivu kuuacha, akapita chini yake, au akakata ule ulioushikilia ili iteremke yote kwa pamoja. Nimemzika rafiki kwa jambo hilo, na nguzo iliyompiga haikuwa hata kubwa. Mti uliokwama unashikwa kwenye kitako, watu wawili, unavutwa nyuma, mbali na ulikoegemea. Ukikataa, unaachwa, na hakuna anayefanya kazi chini yake mpaka ushushwe kwa kamba. Na kabla ya kukata, mwenzio akae mbali mara mbili ya urefu wa mti: mti wa mita 8, yeye awe mita 16. Msituni hutaweza kupima, lakini unaweza kuita na kungoja akuitikie.

Fito au pau, ile miti myembamba, iliyopindwa na mti mwingine nayo ina hila yake. Ni kama upinde uliovutwa. Ukiikata ghafla inafyatuka kuelekea upande wa mgongo wa upinde, na kama uso wako uko huko, umeupoteza. Simama upande wa tumbo, ukate kidogo kidogo, uisikilize.

Miguu. Tunacheka wanaovaa viatu topeni. Mizizi ya mchu, aina nyingine ya mikoko, imesimama kama misumari, na mizizi ya mkoko imejaa chaza wanaokata kama wembe. Gambuti hunasa topeni, hilo nalikubali, lakini raba za kufunga kamba hazinasi. Tundu dogo la mzizi wa mchu halitoi damu nyingi, kwa hiyo mtu hulidharau, na tundu dogo lenye kina ndilo pepopunda linalolipenda. Chanjo yake ipo, na inahitaji kurudiwa. Mama zangu, nawategemea nyinyi hapa: mume au mwana akirudi kutoka kambini na mguu umevimba, una joto, wekundu unapanda, msimkandie majani mkangoja Ijumaa ipite. Apelekwe siku hiyo hiyo. Na akisema taya lake ni gumu kufunguka, apelekwe saa hiyo hiyo.

Ukichomwa na taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, mguu utiwe kwenye maji ya moto kadiri ngozi inavyoweza kustahimili bila kuungua, maumivu yatapungua. Kisha hospitali pia, maana mwiba huvunjikia ndani.

Wale mtakaokwenda bara, huko Witu, kukata miti mikubwa kwa msumeno wa injini, nitasema moja tu. Ncha ya juu ya msumeno ikigusa gogo, wote huruka nyuma kuelekea shingo yako, na utakuwa umechelewa kuuona. Msishike msumeno huo bila mtu aliyefundishwa kusimama nanyi siku nyingi.

Na kupakia. Jahazi likishiba, likishiba kweli, nahodha anajua, lakini tajiri anangoja. Kumbukeni kwamba boriti mbichi ya mkoko haielei. Chombo kikipinduka, usikumbatie boriti ukidhani itakubeba, itakushusha nayo. Dumu tupu lililofungwa kifuniko, moja kwa kila mtu, lifungwe mahali linapofikika.

Februari 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji katika misitu ya umma, mikoko ikiwemo, wazee wengi waliacha kazi na hawakurudi. Ruhusa iliporudi, niliona makambini vijana ambao hawakuwahi kufundishwa na mtu. Hilo linaniuma. Mimi nilifundishwa kusikiliza mti na baba mdogo, miaka miwili kabla ya kuachiwa shoka peke yangu.

Kuhusu fidia: nilipoumia, mwenye leseni alinipa nauli na kunitakia afya, ikawa ndiyo mwisho. Sikujua lolote. Ipo Sheria ya Fidia za Majeraha Kazini ya mwaka 2007, inayomtaka mwajiri awakatie bima wafanyakazi wake, na madai hupelekwa ndani ya miezi 12. Tajiri atasema "nyinyi mwalipwa kwa korja, si waajiriwa wangu". Msilikubali neno hilo kabla ya kuuliza ofisi ya kazi. Na kabla ya kupanda chombo, majina yenu yaandikwe, nakala moja ibaki hapa kijijini.

Jua linashuka, nisiwacheleweshe na magharibi. Nina vikoi vikuukuu vitatu na chupa za maji ya rangi. Wewe kijana mwenye fulana ya kijani, njoo ulale hapa chini, nawe mwenzake piga goti. Uzito wote, mwanangu. Zaidi. Sasa tuhesabu dakika kumi, na asiwepo wa kukwambia ufunue.